Pawatila si chuma chakavu

Wadau, wasomi wa mji huu wamenichosha. Taja pawatila mbele ya wenye digrii pale Kijenge uone watakavyocheka. "Si yale matoroli ya Kilimo Kwanza?" Wakimaliza kucheka wanaanza kulalamika kwamba ajira hakuna.

Haya, sababu ya kucheka wanayo. Kilimo Kwanza ilizinduliwa Dodoma Agosti 2009, pawatila zikamwagwa kwenye halmashauri, viongozi wakakata utepe na kupiga picha (ambazo magazeti yetu yalichapa bila kuuliza swali). Vipuri na mafundi je? Hivyo havina utepe wa kukata. Tena mashine iliyozoea majaruba ya mpunga ya Asia, kwenye tope laini, ikapelekwa hata kwenye udongo mkavu mgumu kama saruji. Nyingine zikafungwa tela zikawa za kubebea maji na matofali. Sasa hapo mwenye kosa ni mashine?

Mimi na kaka yangu tumenunua moja iliyokuwa imelala miaka kwenye banda la kuku, Usa River. Injini yake ni dizeli, silinda moja, haina kompyuta, inawashwa kwa hendeli. Ukienda kununua, zungusha hiyo hendeli polepole kabla hujatoa hela. Ikizunguka kirahisi bila ubishi wowote, ujue kompresheni imekwisha. Halafu fungua kichujio cha hewa. Vumbi letu la Meru ni majivu ya volkano, linasugua kama msasa. Likishapenya hapo linakula ringi na silinda. Ndicho kilichoiua ya kwetu. Duka moja mjini likatuambia vipuri hakuna, tununue injini nzima! Fundi mmoja wa Unga Limited akapima slivu ya zamani, akachongesha nyingine kwa mkereza vyuma, akatafuta ringi zinazoingia, akabadili mikanda na visu. Inanguruma.

Sisemi uipandishe mlimani. Kule Ng'iresi migomba na kahawa vimebanana na mteremko ni mkali, jembe la mkono ndilo mahali pake, na kuutifua udongo wote ule ni kuukabidhi kwa mvua. Nasemea tambarare za chini: Kikwe, na majaruba ya Lekitatu.

Kinachonikera zaidi ni pawatila mbovu kuuzwa kwa kilo. Mashine ambayo block yake ni nzima, giaboksi nzima, inaenda kuyeyushwa iwe nondo! Halmashauri yoyote yenye pawatila iliyokufa uani iipige mnada peke yake, kama mashine, si kwenye lundo moja na mabati, ili kijana na fundi wake waweze kununua. Na CAMARTEC, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo, makao yake hapa hapa Arusha, itutolee orodha ya vipuri vinavyoingiliana kati ya aina moja ya pawatila na nyingine. Karatasi mbili tu, zibandikwe Unga Limited.

Na nyie mnaocheka Kijenge: zile ekari za wazee wenu kule Mbuguni, mwaka huu mmemkodisha nani?