Mwanafunzi wa lugha na mstari wa regresioni

Wengi wetu tuliingia kitivo cha lugha tukishukuru kuagana na hesabu. Naona tumeagana nayo mapema mno. Regresioni sahili ya mstari, ile inayohusisha vigeu viwili tu, ingefaa ifundishwe hapa kwetu, tena kwa Kiswahili. Sababu yake iko Kapata na mitaa mingine ya Kolwezi inayopakana na migodi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa ukanda wetu wa shaba. Waliwapanga watu kwa umbali wa makazi yao kutoka migodini na viwandani: chini ya kilomita 3, kati ya kilomita 3 na 10, na walio mbali kabisa. Walioishi karibu walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini.

Tuseme sasa tunapima nyumba kwa nyumba. Kila nyumba inakuwa nukta moja: umbali kwenye mhimili wa chini, kobalti kwenye mhimili wa wima. Kila nukta ina pengo kati yake na mstari tunaouchora. Regresioni huchagua mstari ambao mapengo hayo, yakipigwa kipeo cha pili na kujumlishwa, yanatoa jumla ndogo kuliko mstari mwingine wowote. Tunauandika y = a + bx. Herufi b ni mwinamo: badiliko la kobalti kwa kila kilomita inayoongezeka. Hapa tungetarajia b iwe hasi.

Mama wa Kapata ataelezwaje hiyo b? Ripoti huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na anayeitwa kuifasiri kikaoni ni mtu aliyesoma kama sisi. Anaweza kusema: «Kadiri nyumba inavyokuwa mbali, ndivyo kobalti inavyopungua.» Au aseme: «Umbali unapunguza kobalti.» Kati ya pungua na punguza kuna konsonanti moja tu, lakini ni ile ya kauli ya kutendesha, nayo inaleta dai ambalo mstari haukulitoa. Mstari unasema vitu viwili vinaendana. Haujasema kipi kinasababisha kipi. Kiswahili kilikuwa na sentensi ya regresioni tangu zamani: ni kadiri na ndivyo.

Kuna atakayesema kwamba tahadhari hii inawakinga wenye migodi. Sikubali. Kadiri inatuonyesha pa kutafuta. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo hivyo viwili walichapisha matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba madini chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti katika vumbi la nyumbani, na kiasi kikubwa katika damu na mkojo wa wakazi, watoto hasa. Hapo kitenzi cha kutendesha kinapata mtendaji: vumbi. Dai la sababu likijengwa hivyo, si rahisi kulibomoa. Likijengwa juu ya mstari peke yake, wakili mmoja wa kampuni anatosha kuliangusha, na anayepoteza ni mama yule.

Mfasiri ajue pia mipaka miwili. Mstari unasema juu ya wastani wa nyumba nyingi. Hauwezi kumwambia mama huyo mtoto wake ana kobalti kiasi gani. Tena vumbi halilazimiki kupungua kwa kunyooka: linaweza kushuka upesi karibu na mgodi, kisha polepole. Ukiurefusha mstari ovyo, utakuambia kwamba mahali fulani kobalti iko chini ya sifuri.

Kwa hiyo naomba walimu wetu watenge vipindi vichache vya somo la mbinu za utafiti kwa ajili ya mstari huu, pamoja na istilahi zake: kigeu, mwinamo, pengo. Mwenye fomula bila sarufi atawapotosha watu wa Kapata, na mwenye sarufi bila fomula vilevile.