Mama wa mtoto mgonjwa asijifiche kama muuza unga



Mwaka jana dada mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu usiku, saa nne zimepita. Mwanawe ana miaka sita na ana kifafa kile kibaya. Hospitali wamempa dawa ya kwanza, wakaongeza ya pili, na bado degedege zinamwangusha mara tatu, mara nne kwa siku. Sasa kuna mtu alikuwa amemletea kichupa cha mafuta, hakina lebo, hakina tarehe. Ameambiwa ni mafuta ya bangi, ati ndiyo wanayopewa watoto wa Ulaya.

Ungedhani ataniuliza kama yanafanya kazi, ama kama ni halali. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kakangu, nikishikwa nacho njiani, watanipeleka wapi?"

Nilimwambia asimpe mtoto kitu ambacho hajui ndani kuna nini, arudi kwa daktari. Lakini swali lake lilinikaa rohoni. Nikaenda kusoma sheria. Nimekuandikia wewe nilichokipata, kwa sababu ukiwa na miaka ishirini na kitu na unaishi mitaa yetu, mambo ya bangi unayajua kwa upande mmoja tu: msako, seli na hongo. Kuna upande wa mgonjwa, na huo hakuna anayeuzungumzia.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya 1994. Ilipotungwa, ukipatikana na bangi ya kutumia mwenyewe ulikuwa unaangalia miaka 10 jela. Mwaka 2022 ikarekebishwa, ikawa miaka isiyozidi 5 ama faini isiyozidi laki moja. Hapo ndipo watu wengi huacha kusoma. Hebu soma kifungu cha 3 mpaka mwisho. Kinasema adhabu hiyo haimhusu daktari, daktari wa meno, daktari wa mifugo wala mfamasia aliyesajiliwa akiwa na dawa hizo kwa ajili ya matibabu. Haimhusu hata mgonjwa aliyeandikiwa na daktari.

Umeelewa hapo? Tangu 1994 sheria yenyewe inakubali kwamba kitu kinaweza kuwa dawa ya kulevya mikononi mwa huyu na dawa ya kutibu mikononi mwa yule. Mlango upo. Tatizo ni kwamba mbele ya mlango hakuna njia. Mimi sijakutana na daktari hata mmoja wa hospitali ya umma aliyewahi kumwandikia mgonjwa dawa inayotokana na bangi, wala famasi iliyowahi kuiuza kwa karatasi ya daktari. Kwa hiyo haki imeandikwa, na yule mama bado anaogopa kizuizi cha polisi.

Sasa najua kuna mtu ashaanza kuandika kwenye maoni: "Si mnataka tu vijana wavute!" Hapana. Tulia tuelewane.

Mmea wa bangi una kemikali nyingi. Ile inayolewesha inaitwa THC. Kuna nyingine inaitwa CBD, hiyo hailewi. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, Lennox-Gastaut na Dravet. Ilipimwa kwa wagonjwa kwanza. Kipimo chake kinafuata kilo za mtoto, na daktari anaangalia ini lake kwa sababu inaweza kulidhuru. Hiyo ni dawa. Msokoto wa kichochoroni si dawa, na kichupa kisicho na lebo si dawa. Na anayekwambia bangi inaponya saratani anakula pesa ya mtu anayekufa. Kinachojulikana ni kwamba zipo dawa za jamii hiyo zinazopunguza kichefuchefu na kutapika kwa wanaotibiwa kwa kemo. Hilo si dogo kwa aliyemuuguza mzazi wake, lakini si kuponya.

Wasiwasi wa pili nausikia kwa wazee wetu: ukifungua mlango wa dawa, mtaa utaharibika. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa sababu sisi Pwani tumezika vijana kwa sababu ya unga. Lakini tazama tulichofanya na huo unga wenyewe. Mofini inatokana na mmea uleule wa afyuni unaotoa heroini, na leo mgonjwa wa saratani anaipata hospisi, kwa karatasi na kwa kipimo. Methadoni nayo ni ya jamii hiyohiyo, na tangu 2015 inatolewa Malindi kwa vijana wanaojitoa kwenye unga. Wanakunywa mbele ya mhudumu, jina liko kwenye daftari. Hakuna aliyesema tufunge hospisi kwa sababu mateja wapo. Tulijua kutofautisha. Kwa nini kwa bangi tujifanye hatujui?

Halafu dini. Kulewa ni haramu, hapo hakuna mjadala na mimi sina fatwa ya kukupa. Lakini wanavyuoni wana mlango wa dharura na wa tiba, wenye masharti yake: daktari mwaminifu, kipimo cha haja, na kukosekana kwa dawa nyingine. Usimpelekee sheikh swali la "bangi yafaa?" kwa sababu jibu unalijua. Mpelekee swali lenyewe: mtoto, kifafa, dawa mbili zimeshindwa, dawa iliyosafishwa isiyolevya. Nchi za Waislamu wenzetu zimeshalifikia. Lebanon ilipitisha sheria ya bangi ya matibabu na viwanda mwaka 2020. Morocco ikafuata 2021, ikaunda taasisi maalumu ya kutoa leseni na kusimamia. Kuvuta kwa starehe huko bado ni kosa. Walitenganisha mambo mawili, basi.

Kimataifa pia hali imesogea. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye orodha ya vitu hatari zaidi vinavyohesabiwa kuwa na faida ndogo kwa tiba. Kura zilikuwa 27 kwa 25. Bangi ikabaki chini ya udhibiti mkali, lakini faida yake ya kitiba ikakubaliwa. Kenya ilikuwa mezani siku hiyo. Ilipiga kura ya la. Wewe uliulizwa? Yule mama aliulizwa?

Hapa nyumbani mjadala uliwahi kuanza. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipeleka pendekezo la mswada wa kuhalalisha bangi. Mwenyewe alikuwa anaugua saratani, na alifariki Julai 2019. Pendekezo lile lilibeba yote kwa pamoja: kulima, kutumia, kutoza ushuru, kutibu. Watu wakabishana juu ya uvutaji, na mgonjwa akasahaulika katikati. Hilo ndilo funzo ninalotaka ulishike. Kila tunapochanganya mgonjwa na mvutaji, anayepoteza ni mgonjwa.

Na usidhani sheria mpya peke yake inatosha. Juni 2018 mama mmoja wa Ireland Kaskazini alinyang'anywa mafuta ya mwanawe mwenye kifafa pale uwanja wa ndege wa Heathrow. Mtoto akazidiwa, akalazwa. Nchi nzima ikapiga kelele, waziri Sajid Javid akatoa kibali cha dharura, na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo madaktari bingwa wakaruhusiwa kuandika dawa za bangi. Lakini hospitali za umma ziliendelea kuandikia wagonjwa wachache mno, na familia nyingi zikabaki kulipia kliniki za binafsi. Karibu na sisi, Rwanda ilitoa kanuni zake 2021, ila kilimo kile ni cha kuuza nje. Ikija kwetu namna hiyo, wenye shamba na leseni watapata dola, na yule mama atabaki na kichupa chake kisicho na lebo.

Ndiyo maana nasema tuombe kitu kidogo na tukiombe vizuri:

1. Wizara ya Afya na Bodi ya Dawa na Sumu watoe mwongozo wa wazi: dawa gani, kwa ugonjwa gani, iandikwe na daktari gani. Kifungu cha 3 kishawapa pa kuanzia.

2. Mgonjwa mwenye karatasi ya daktari awe na njia ya kuithibitisha papo hapo, asilale seli huku mtoto anaanguka nyumbani.

3. Dawa ipatikane hospitali za umma na bima ya afya iisaidie. Dawa inayopatikana kwa tajiri peke yake haijatusaidia sisi.

Nguvu ya kuomba unayo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji karatasi, sahihi na watu wenye kisa cha kweli. Kama kwenu kuna mgonjwa wa kifafa ambaye dawa zimemshinda, ongea na familia, uwasaidie kuandika. Mwambie na daktari wake aandike mistari miwili. Ombi la wazazi ishirini wenye barua za madaktari lina uzito kuliko hashitegi elfu.

Na kwa wakati huu, tafadhali: usimpe mtoto mafuta ya mtaani. Ukikamatwa nayo, kumbuka kifungu cha 49: una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Yule dada alikitupa kile kichupa. Mtoto amepata miadi kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ameanzishiwa dawa ya tatu, na degedege zimepungua kidogo tu. Bado ananiuliza kama kuna kingine. Nimemwambia tunaandika ombi. Ameshatia sahihi yake, ya kwanza kabisa. Nafasi ya pili iko wazi.