Kocha Jim Calhoun, Hasheem Thabeet na ahadi ya kusoma Marekani kwa kikapu

Msikilizaji, kijana akirefuka kupita wenzake hapa Kisesa, siku hizi watu humwambia ana bahati ya Marekani. Hapo ndipo anaweza kutokea mtu wa kusema anamjua kocha wa chuo kikuu huko, nafasi ya masomo ipo, kinachotakiwa ni fedha kidogo ya kuanzia. Mzazi anatazama ng'ombe zizini na kuanza kupiga hesabu.

Kabla hesabu hiyo haijafika mnadani, tueleze kocha wa chuo cha Marekani ni mtu wa namna gani. Tunamtumia mmoja ambaye Watanzania wana sababu ya kumfahamu: Jim Calhoun, aliyemfundisha Hasheem Thabeet.

Calhoun ni nani?

Alizaliwa mwaka 1942 huko Braintree, jimbo la Massachusetts. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, ikabidi afanye kazi kusaidia familia. Mwaka 1972 alianza kufundisha timu ya chuo cha Northeastern, mjini Boston. Mwaka 1986 akahamia Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachoitwa kwa kifupi UConn.

Msimu wake wa kwanza pale ulikuwa mbaya: alishinda michezo 9 na kupoteza 19. Lakini hakufukuzwa. Miaka 13 baada ya kufika, mwaka 1999, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Akautwaa tena mwaka 2004, na mara ya tatu mwaka 2011 akiwa na miaka 68. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda michezo zaidi ya 870.

Kwa nini kocha wa chuo ana nguvu hivyo?

Ukisikia michezo ya vyuo, usifikirie UMISSETA, ambako watazamaji husimama pembeni ya uwanja. Kule watu hununua tiketi kwa maelfu, na televisheni hulipa fedha nyingi kuonyesha michezo. Kocha ndiye anayezunguka kutafuta vijana na kuwashawishi wazazi.

Wanaofuata Bulabo pale Bujora wanaelewa jambo hili haraka. Wagika na Wagalu wanaposhindana, watu huja kwa jina la ningi, yule kiongozi wa ngoma. Ningi mzuri huvuta wachezaji na watazamaji. Kocha wa chuo kikubwa ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye analipwa mshahara mnono.

UConn ni chuo cha umma, mali ya jimbo. Mwaka 2009, jimbo la Connecticut likiwa na upungufu wa fedha, Calhoun aliulizwa mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, uliomfanya awe mtumishi wa jimbo anayelipwa kuliko wote. Alijibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti, akasema timu yake inakiingizia chuo fedha nyingi kuliko anazolipwa. Wachezaji wenyewe wakati ule hawakuwa na mshahara. Walilipiwa masomo, malazi na chakula.

Thabeet alipataje nafasi?

Msimu huohuo wa 2009, nguzo ya timu ya Calhoun alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Hakutoka Dar moja kwa moja hadi UConn. Alipitia kwanza shule ya sekondari mjini Houston, akajiunga na chuo mwaka 2006.

Calhoun alimpokea akiwa bado mchanga kimchezo, akamjengea kazi moja aliyoiweza, kulinda goli. Miaka 3 baadaye Thabeet aliifikisha timu nusu fainali ya taifa, na Juni 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa NBA, na Memphis Grizzlies. Stephen Curry, anayejulikana leo dunia nzima, alichaguliwa wa 7. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Huko mambo yalikuwa magumu. Alipelekwa kwa muda ligi ya chini katika msimu wake wa kwanza, akapita timu 4, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha. Kwa hiyo hata aliyefika juu kabisa hakupata kazi ya maisha.

Upande wa pili

Mwaka 2011 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilimfungia Calhoun michezo 3 kwa sababu sheria za kutafuta wachezaji zilivunjwa chini yake. Kisha timu ikazuiwa kushiriki mashindano makubwa ya 2013 kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasani ya miaka ya nyuma. Wakati huo Calhoun ameshastaafu. Adhabu iliwakuta vijana waliobaki.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, uliza ni chuo gani na cha daraja gani. Calhoun alipokataa kukaa nyumbani, alirudi kufundisha chuo kidogo cha Saint Joseph kuanzia 2018, daraja la tatu. Vyuo vya daraja hilo havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kwa hiyo jina kubwa la kocha halimaanishi kwamba ada imelipwa.

Pili, dai barua kutoka chuoni kwenyewe, inayotaja kinacholipwa na kwa muda gani. Kocha anaweza kuhama. Barua inabaki.

Tatu, angalia ripoti ya shule. Chuo huangalia alama za darasani na Kiingereza, na mwanafunzi wa kigeni hupewa na chuo fomu iitwayo I-20 kabla ya kuomba viza. Anayesema urefu unatosha, anadanganya.

Nne, wakala akitaka fedha taslimu mkononi ili "kumfungulia njia" mtoto, simamisha mazungumzo. Pasipoti hulipiwa serikalini, viza hulipiwa kwa utaratibu wa ubalozi. Kocha anayemtaka mchezaji kweli hamtumi mtu kuchukua ng'ombe wa baba yake.

Kijana mrefu aendelee na mazoezi, na asome. Na kama nyumbani kwako kuna ahadi ya namna hii mezani, tutumie swali lako kwenye namba ya kituo kabla hujatoa chochote.