Nuru ya Jua na Ngozi ya Mwanetu

Mwezi huu twapenda kuwaalika wazazi na vijana watazame jambo lililo mbele ya macho yetu kila siku, nalo ni nuru ya jua na jinsi kila kitu kinavyoipokea.

Mtu na asimame Lugoba wakati wa adhuhuri, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Nuru imshukiayo ni moja, walakini vitu haviipokei kwa namna moja. Bati jipya la paa huirudisha hata jicho likashindwa kulitazama. Kioo cha dirisha huipitisha, chumba kikajaa mwanga. Sufuria yenye masizi huimeza, na nuru iliyomezwa hugeuka joto. Ndiyo sababu sufuria hiyo ikiachwa juani haishikiki. Maji nayo huipinda, hata kijiti kilichotiwa ndani ya bilauri huonekana kama kimevunjika.

Wanachuoni wa Kiislamu waliyachungua haya zamani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki yapata mwaka 1040, alitunga kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Walikuwako waliodai kwamba jicho ndilo litoalo miale kukiendea kitu. Yeye alitoa hoja kwamba mtu akilikazia jua macho huumia. Basi nuru ndiyo itokayo nje, ikaingia jichoni na kutenda kazi humo.

Ikiwa nuru hutenda kazi jichoni, hutenda pia juu ya ngozi. Pamoja na nuru tuionayo, jua huleta mionzi isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, yenye nguvu ya kudhuru ngozi. Mwenyezi Mungu ameitia ngozi rangi iitwayo melanini, nayo huimeza sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijafika ndani. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na melanini haba sana, au hana kabisa. Ngozi yake ni kama dirisha lisilo pazia: mionzi hupenya, ngozi huungua, na miaka ikipita saratani huweza kuota. Macho yake nayo huingiza nuru nyingi kupita kiasi, hivyo mwanga mkali humtaabisha, na herufi ndogo humshinda.

Mtoto kama huyo akizaliwa, wako akina baba wanaomshuku mke, na wako majirani wasemao ni laana. Hao wamekosa elimu, na dini pia wameikosa. Elimu yatufundisha kwamba ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ingawa wao wenyewe ngozi zao ni nyeusi. Wakiwa wote wawili wameubeba urithi huo, kila mimba ina fungu 1 katika 4 la kuleta mtoto mwenye ualbino.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.), wakaithibitisha Bukhari na Muslim, twasoma habari za bedui aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitilia shaka mtoto mweusi aliyezaliwa na mkewe. Mtume akamwuliza rangi ya ngamia wake, akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama hamna wa kijivu kati yao, akakiri kwamba wamo. Basi akamfahamisha kwamba kama ngamia huyo alivyovutwa na asili yake, huenda na mtoto naye kavutwa vivyo hivyo. Je, baada ya jawabu hilo, Mwislamu ana hoja gani ya kumfukuza mkewe?

Basi yatupasa kumwekea mtoto pazia alilolikosa. Lugoba iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini. Asitumwe shambani wala kisimani tangu saa nne hata saa kumi. Avae mikono mirefu, kwa kitambaa kilichofumwa kwa kushikana; kiinueni juani, na kikipitisha mwanga, hakifai. Kofia yetu ya kufuma ni pambo zuri la ibada, lakini haifuniki masikio wala shingo, anunuliwe pama. Mawingu yasimdanganye, kwani mionzi hupenya, na mchanga mweupe huirudisha hata kivulini. Mafuta ya nazi hayatoshi; yaulizwe hospitalini mafuta ya kukinga jua, ambayo nchini mwetu yametengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Akiota kidonda kisichopona, apelekwe kwa daktari upesi.

Nanyi walimu wa madrasa, mkalisheni mbele, karibu na ubao, na mgongo wake uelekee dirishani, mumpe juzuu ya maandishi makubwa. Huyo si mkosi wa nyumba, bali ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.