Mashine Kubwa, Nahodha Mchanga

Kijana wa Kisiwa cha Bumbire akipata fedha zake za kwanza za sangara, gari la kasi atalipitisha wapi? Moyo wake uko majini. Hutamani mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, ilhali juzi tu alikuwa akipiga kasia.

Hatumlaumu kwa kupenda maendeleo. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne, na boti haina breki. Mashine nzito hudidimiza tezi, na kukata kona ghafla huweza kukipindua chombo kilichoundwa kwa mashine ndogo. Ziwa hili liliimeza MV Bukoba, meli nzima, tarehe 21 Mei 1996.

Basi aanze na farasi 15, chini ya nahodha azijuaye pepo za Ziwa Victoria, na jaketi okozi linunuliwe siku ile ile. Ama wenye boti wanaomkabidhi mwanagenzi usukani kwa sababu ujira wake ni mdogo, hao ndio hasa tunaowashutumu. Ukaguzi wa TASAC usiishie kwenye mbao na mashine. Mshika usukani naye atahiniwe, tena huko huko mialoni.