Aliyeungua Apelekwe Bombani

UANI KWETU
Na Zuhura Mbwana

Mtoto akimwagikiwa chai ya moto uani, hazipiti dakika mbili kila jirani ameshatoka na tiba yake. Huyu ana yai bichi, yule dawa ya meno, wa chumba cha pili kaja na unga wa ngano kiganjani, na bibi wa mlango wa mwisho anashikilia asali. Kuna atakayetumwa kutafuta manyoya ya sungura. Ndoo ya maji iko palepale na hakuna anayeigusa, maana tumekuzwa tukiambiwa kwamba jeraha la moto likipata maji hutoa malengelenge.

Imani hiyo inatuumizia watoto. Lengelenge ni kazi ya moto wenyewe: joto limepenya ngozi ya juu likaifikia ya chini, matabaka mawili yakaachana, majimaji ya mwili yakajaa katikati. Litatoka umwagie maji usimwagie. Na likishatoka, liacheni. Ngozi ile ndiyo kinga ya jeraha, msiitoboe.

Sufuria ikishaondolewa, nyama huendelea kuungua kwa joto lililokwisha kuingia. Kazi ya kwanza ni kulitoa joto hilo, na inayoifanya ni maji safi ya baridi ya kawaida, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Hata aliyechelewa asiache, kwa sababu maji yanafaa bado ndani ya saa 3 za mwanzo. Barafu hapana, inaweza kuidhuru ngozi zaidi.

Samli na mafuta hulifunika joto lisipate pa kutokea. Yai bichi huweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda. Unga hukauka ukagandamana, na muuguzi wa zahanati hana budi kuubandua. Kilio cha hapo hupita kile cha chai. Lakini laghai mkuu ni dawa ya meno. Mnanaa wake huifanya ngozi ihisi ubaridi, mtoto akanyamaza kidogo, watu wakashukuru, na joto lingali ndani likiendelea na kazi yake.

Najua dakika 20 za maji zinasikikaje kwa mtu anayenunua maji kwa dumu. Bomba si lazima. Weka beseni chini ya mkono ulioungua, chota kwa kopo, mimina taratibu. Yaliyodondokea ndani ya beseni yakiwa safi na bado ya baridi, yachote tena. Vua pete, bangili na shanga mapema, kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Mtoto mchanga mmwagie palipoungua tu, kwingine mfunike asishikwe na baridi.

Wazee siwavunjii heshima. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yalikuta kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko baadhi ya vifungio vya kawaida vya vidonda. Ila asali ya kutibia vidonda husafishwa maalumu, haifanani na hii ya chupa ya soda iliyopitia mikono ya watu wanne. Utomvu wa shubiri nao hutuliza ngozi iliyoungua juu juu bila kuchubuka. Vyote viwili zamu yake ni baada ya maji. Tunachokosea zaidi ni mpangilio: tunaanza kupaka, ilhali hatujapoza.

Na nadhani tunapaka kwa sababu kupaka kunaonekana. Maji yakikauka hayaachi alama. Mama mkwe akija jioni akakuta mkono mtupu, atauliza, "Ndiyo hamkumpaka chochote?" Mama aliyesimama bombani dakika 20 anaonekana mzembe mbele ya aliyemsiliba mwanawe unga mpaka kwenye kiwiko. Akina baba, mnaofika mambo yamekwisha na bado mna la kulaumu, wateteeni wake zenu hapo.

Kidonda kidogo cha nyumbani kikishapozwa, kifunikeni kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, pamba itagandia. Kilichozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa si cha nyumbani. Wala si cha nyumbani kilicho usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, cha umeme au kemikali, wala cha mtoto mchanga hata kiwe kidogo. Muogopeni zaidi asiyelia: ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi kavu na mgonjwa hasikii maumivu, moto umefika chini kabisa. Huyo apelekwe hospitali bila kupakwa kitu, hata ile dawa ya zambarau, kwani rangi yake humzuia daktari kuona kina cha jeraha. Na mwende na kadi yake ya kliniki. Wataulizia chanjo ya pepopunda.