Hakuna Mtoto Anayezaliwa Askari

Kila Wizara ya Ulinzi inapotangaza tarehe za kusajili makurutu, kuna usemi unaoanza kuzunguka huku kwetu Bonde la Ufa, kuanzia Lanet na Bahati hadi Njoro, Rongai na Mogotio. Utausikia kwenye matatu, matangani, na nje ya kanisa baada ya ibada: "Kijana huyu ni damu ya jeshi." Maana yake ni kwamba babu yake alikuwa King's African Rifles (KAR), jeshi la wakati wa ukoloni, baba yake alikuwa Kenya Rifles, jeshi la nchi huru, kwa hiyo naye ana haki ya kuvaa magwanda, na asipoyavaa ameuangusha ukoo. Wengine huutoa usemi huo kwenye ukoo na kuupeleka kwenye kabila. Husema yapo makabila ya vita na makabila ya biashara, na kwamba Mungu ndiye aliyeyagawa hivyo.

Mimi natoka katika ukoo wa namna hiyo. Babu yangu alipigana Burma, na baba yangu alilitumikia jeshi la Jamhuri hadi akastaafu. Nawaheshimu wote wawili kuliko ninavyoweza kuandika, na kwa ajili ya heshima hiyo nasema bila kuuma maneno: hakuna damu ya jeshi. Imani hii ilitengenezwa na wakoloni waliotaka askari wa bei nafuu. Leo wanaoivuna ni matapeli, pamoja na serikali isiyopenda kuulizwa maswali.

Watazame Wanandi, maana hao ndio hutajwa kwanza wazee wanapohesabu makabila ya vita. Walipambana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi, tangu 1895. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles. Jeshi lililomuua Koitalel ndilo lililokuja baadaye kuwaandikisha vijana wa watu wake na kuwasifu kuwa askari wa kuzaliwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wanandi waliingia KAR kwa wingi. Vita vikaisha. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuwagawia mashamba askari wastaafu wa Kizungu, zaidi ya ekari milioni mbili kwa jumla, na sehemu ya ardhi iliyogawiwa ilikatwa kutoka kwa Wanandi wenyewe, upande wa Kipkarren na Kaimosi. Walipojaribu kulalamika mwaka 1923, kiongozi wao Barsirian arap Manyei alikamatwa, akafungiwa mbali na kwao kwa takriban miaka 40.

Naomba msomaji asilipite jambo hilo haraka. Watu wawili walirudi kutoka vita vilevile. Mmoja alipewa shamba. Mwenzake alivishwa kipande cha usajili shingoni, kwa sababu sheria ya kuwasajili Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa kwa nguvu katika miaka hiyohiyo. Kama ushujaa ulikuwa kwenye damu na heshima ilikuwa malipo yake, mbona malipo yalifuata rangi?

Wakikuyu walipewa hukumu iliyo kinyume. Waliosajili askari waliwaona kuwa watu wa jembe na maneno mengi, wasiofaa kushika bunduki. Waruhiu Itote alikwenda Burma hata hivyo, akarudi, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 dhidi ya waliopigania ardhi na uhuru, ulimwengu ukamjua kwa jina la Jenerali China. Watu wasio na sifa yoyote kwenye daftari la KAR waliingia misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, safu hii ya pili tukiiona kutoka Gilgil asubuhi ukungu ukipanda. Wengi walibeba bunduki walizojitengenezea kwa mabomba ya maji, na Uingereza ikalazimika kuleta vikosi kutoka kwao ili kupambana nao. Ile orodha ya makabila ya vita iliandikwa na maofisa wa usajili, na waliibadilisha kila mahitaji yao yalipobadilika.

Basi babu zetu walijiandikisha kwa nini? Waliobahatika kuwauliza wangali hai wanajua jibu, na jibu lenyewe ni la kawaida kabisa. Kulikuwa na kodi ya kulipa. Ardhi kuanzia Naivasha hadi Molo ilikuwa ya masetla, na Mwafrika aliyeishi humo aliishi kama skwota, akimfanyia kazi mwenye shamba kwa siku alizopangiwa, mifugo yake ikihesabiwa na kupunguzwa. Jeshi lilimpa mshahara, viatu, chakula cha uhakika, na nafasi ya kuondoka kwa bwana shamba. Babu yangu hakuwahi kuniambia kwamba alikwenda Burma kwa sababu ya mababu. Alisema alikwenda kutafuta pesa za kununua ng'ombe wa mahari.

Aliyoyakuta huko ni mambo mengine. Zaidi ya Wakenya 90,000 walitumika katika Vita Vikuu vya Pili. Wapo waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi. Wapo walioteremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya Burma, wakivuta magari kwenye matope huku malaria ikiwaangusha. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli, ujasiri wa mtu mmojammoja, uliolipiwa na mwili wake mwenyewe. Kuuita urithi ni kumnyang'anya mwenyewe.

Kisa kinachoimaliza hoja ya damu kilitokea hapahapa Lanet. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 1964, Kenya ikiwa na wiki sita tu za uhuru, askari wa Kenya Rifles kikosi cha 11 walivunja ghala la silaha kambini. Wenzao wa Tanganyika walikuwa wameasi siku nne kabla, na wale wa Jinja, Uganda, jana yake. Askari wa Lanet walikuwa na malalamiko mawili: mshahara mdogo, na maofisa wa Kizungu waliokuwa bado wanawaamuru ndani ya nchi huru. Jioni hiyo walikuwa wamengoja hotuba ya Waziri Mkuu Kenyatta wakitarajia habari ya nyongeza ya mshahara. Hawakuisikia. Walionyamazisha uasi ni wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Gilgil, walioitwa na serikali yetu wenyewe. Askari mmoja aliuawa, wengine wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufungwa, na kikosi kikavunjwa.

Nimelelewa karibu na kambi hiyo, na nilipokuwa mdogo habari ya 1964 ilisemwa kwa sauti ya chini, kama aibu ya familia. Mimi siioni aibu ninayotakiwa kuibeba. Kuchukua silaha dhidi ya serikali ni kosa zito, na sitalitetea. Lakini sikiliza walichodai. Watu waliochaguliwa kwa kanuni za kikoloni, waliosifiwa miaka nenda miaka rudi kuwa wapiganaji wa kuzaliwa, walidai kile anachodai mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa reli: ujira unaotosha na nafasi ya kupanda cheo. Walijua kwamba uaskari ni kazi. Ni kazi ya hatari kuliko nyingine na yenye kiapo kizito kuliko nyingine, lakini ni kazi.

Leo imani ya damu inafanya madhara ya aina mpya. Nenda uwanja wowote wa usajili katika kaunti hizi ujionee. Kijana anatakiwa awe na miaka 18 hadi 26. Anapimwa urefu na uzito, anakaguliwa meno na nyayo, anakimbia. Hakuna anayemuuliza habari za babu yake. Lakini nyumbani babu ndiye anayemsukuma, na mzazi aliyeaminishwa kwamba nafasi jeshini ni haki ya ukoo wake huwa mawindo mepesi. Anakuja mtu aliyevaa vizuri, anataja majina ya wakubwa, anasema kuna nafasi imebaki. Mzee anauza ng'ombe, kisha anauza kipande cha shamba. Mamia ya maelfu ya shilingi yanaondoka. Kijana anapewa barua, anaipeleka Eldoret kwenye shule ya mafunzo ya makurutu, na barua inaonekana kuwa ni bandia. Vijana wamewahi kukamatwa pale langoni wakiwa na mabegi yao. Wizara hurudia kila mwaka kwamba usajili ni bure. Wazazi wanaisikia, lakini sauti ya ukoo inaishinda.

Lipo la hatari zaidi kwa sisi wa Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji wa Nakuru ulipowaka na nyumba za Molo na Kuresoi zikiteketea, nilisikia kwa masikio yangu vijana wakichochewa kwa maneno ya damu. Kila upande ulikumbushwa, kwa lugha yake, kwamba mababu walikuwa wapiganaji na kwamba vijana wasiwatie aibu. Waliochinjana hawakuwa wanajeshi. Wanajeshi waliletwa kuwatenganisha.

Na mabinti je? Wanaohubiri damu ya jeshi humtazama mtoto wa kiume pekee, kana kwamba damu hiyo haimfikii dada yake. Dada yangu mkubwa alitushinda mbio sisi wavulana wote, na hakuna mjomba aliyewahi kumwambia kwamba jeshi linamngoja. Kikosi cha wanawake kilichokuwa kimetengwa peke yake kilivunjwa mwaka 1999, wanawake wakaunganishwa na wanaume. Mwaka 2018 Fatuma Ahmed akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha Meja Jenerali.

Nitajibiwa kwamba watoto wa wanajeshi kweli huingia jeshini kwa wingi, na kwamba nidhamu ya nyumba hizo inaonekana. Nakubali. Watoto wa walimu nao huwa walimu. Aliyelelewa na askari anajua tangazo hutoka wapi, vyeti gani vinahitajika, na namna ya kujibu afande bila kutetemeka. Hayo ni maarifa, na maarifa hufundishwa. Mtoto wa mchuuzi wa soko la Wakulima angefundishwa vivyo hivyo angeyajua, lakini tunamfungia mlango tukisema hana asili hiyo.

Baba yangu alikuwa sajini, na kuna jambo moja alilotoka nalo jeshini akaliingiza nyumbani. Hakulala kabla ya kujua kila mmoja wetu yuko wapi. Alisema sajini anayelala bila kuwahesabu watu wake hastahili utepe begani. Hilo ndilo ninaloliita heshima ya askari, na kwa kipimo hicho naitazama serikali ya nchi yangu.

Tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia. Tarehe 27 mwezi huohuo ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks, Eldoret, marais watatu wakihudhuria. Hotuba zilisema mashujaa, zikasema taifa halitasahau. Serikali haikutoa idadi ya waliokufa, na haijaitoa hadi leo ninapoandika. Mwaka mmoja baadaye kambi yetu nyingine huko Somalia, Kulbiyow, ikashambuliwa, na mabishano ya idadi yakarudi. Linganisha na mkoloni: kwa vita vya 1914 hadi 1918, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mkoloni alichukua zaidi ya miaka mia moja kulikiri hilo. Serikali yetu, inayowajua wafu wake kwa nambari na kwa jina, inangoja nini?

Hapa ndipo imani ya damu inapoilinda serikali. Mama anapoambiwa kwamba mwanawe alizaliwa shujaa wa ukoo wa mashujaa, anafunzwa papo hapo kwamba kulia ni udhaifu na kuuliza ni usaliti. Kifo kinafanywa jambo la asili, kana kwamba hakuna aliyeipanga ile kambi, aliyepuuza onyo au aliyechelewesha msaada. Nimeketi na familia za namna hiyo. Wengi hawataki medali nyingine. Wanataka kuelezwa ilikuwaje.

Kwa hiyo, Wizara, toeni majina. Yachongeni kwenye ukuta Lanet, ambako kila kadeti wa chuo cha kijeshi atapita akiyasoma kabla ya kukabidhiwa kundi la kuongoza.

Na wewe mzee wangu wa Subukia unayewaza kuuza nusu ekari ili jina la ukoo lisipotee jeshini, tafadhali usiuze. Mwambie kijana avae raba, abebe kitambulisho na vyeti vyake, aende uwanjani akimbie na wenzake bure. Akirudishwa, mpokee na usimtajie marehemu babu yake. Akichukuliwa, andika nambari yake ya utumishi mahali wewe na mama yake mtakapoiona, kwa maana siku mtakapotaka kuuliza alipo, mtaihitaji.